Ukurasa wa Kumi na Saba

Kama kuna mtu Nairobi hii aliyesoma chuo kikuu kunishinda, aje Ngara nimpe kiti, nimpe na chai, halafu tuulizane maswali. Mwaka wa kwanza na wa pili niliwaachia watoto. Mimi nilianzia wa tatu. Nina Haidrolojia ya mito ya nchi kavu. Nina Falsafa ya Sheria. Nina Uchumi wa Kilimo, na Magonjwa ya Mifugo mpaka ile sura ya minyoo ambayo mtu hafai kuisoma kabla ya chakula cha mchana. Nina Sosholojia ya Familia, mwaka wa nne, mihula yote miwili. Karo sikulipa, mtihani sikufanya, na kwa miaka mitatu hakuna aliyewahi kunishika. Mimi Haron Njuguna sishikiki.

Siri yenyewe ni ndogo. Duka letu la fotokopi liko ghorofani, juu ya muuza vitambaa. Malekchara wa chuo fulani cha mjini hutuletea noti zao kwa bahasha, kisha wanaliambia darasa, "Nendeni Ngara mkatoe kopi." Bahasha inakaa kwetu muhula mzima. Mashine ikipiga kopi sitini, mikono haina kazi, na jicho langu halijui kukaa bure. Form Four nilitoka na C kavu, lakini sijui nani aliyesema C haisomi. Tena nilikuwa wiki moja mbele ya darasa, maana noti zilinifikia kabla yao. Mwanafunzi akija namwambia, "Wiki hii ni ndoa za wake wengi. Kaa mbele, huyo daktari ana maoni." Ijumaa anarudi macho yamemtoka. "Ulijuaje?" Mimi nacheka tu.

Sasa niwaambie vile nilivyoshikwa.

Ilianza Jumamosi moja ya Februari, mwaka wa 2006, saa nane mchana. Sifuna, mwenzangu anayefunga vitabu, alikuwa ameenda kula. Mlango ukafunguliwa, akaingia msichana na begi la safari mgongoni, vumbi la Ukambani bado liko kwenye viatu.

"Sasa. Noti za Dr Kinyanjui bado ziko? Za familia."

"Ziko. Lakini umechelewa, wenzako walichukua Jumanne."

"Nilikuwa Mwingi. Nyanya yangu alikuwa mgonjwa."

"Pole. Amepata nafuu?"

"Ameanza kuniuliza nitaolewa lini. Kwa hivyo amepona."

Alilisema bila kucheka, akaniangalia aone kama nitacheka mimi. Nilicheka. Basi, hapo ndipo mambo yalipoharibikia, kwa sababu niliweka karatasi kwenye mashine huku nikimwangalia yeye. Mashine yetu haitaki dharau. Ilimeza ukurasa wa kumi na saba, ikanguruma, ikautema umekunjamana kama chapati mbichi, wino mweusi umeupaka kutoka juu hadi chini.

Dukani kwetu kuna msumari ukutani. Karatasi ya lekchara ikiharibika unaitundika hapo, na jioni mwenye duka anampigia lekchara simu na kuomba msamaha mbele yako. Mimi nilikuwa tayari na karatasi mbili msumarini mwezi huo. Ya tatu ingenitoa kazini. Niliusukuma ule ukurasa chini ya kaunta.

"Rudi baada ya saa moja," nilimwambia. "Mashine imechoka."

"Mashine inachoka?"

"Hata wewe ungechoka, ukilishwa sosholojia tangu asubuhi."

Alienda kutafuta chakula. Mimi nikakaa mbele ya kompyuta. Kampasi siku hiyo ilikuwa tupu, wenzake sikujua wanaishi wapi. Ukurasa wa kumi na sita ulikuwa unazungumzia wake walioachwa na waume, ukakatika katikati ya sentensi. Wa kumi na nane ulianza katikati ya nyingine. Mimi nikatakiwa kujaza hapo kati. Nikachagua herufi zilezile, ukubwa uleule, na kile Kiingereza cha noti ambacho hakitabasamu. Kwa Kiswahili chetu, nilichoandika ni hivi:

*Mtafiti mmoja alimkuta mwanamke ambaye kila asubuhi alipika chai ya vikombe viwili, ingawa mumewe alikuwa ameondoka miaka minne iliyopita. Alipoulizwa kama anamngojea, alisema hapana. Alisema: nikipika kikombe kimoja, sufuria inaonekana kubwa.*

Halafu nikajaza mistari mingine ya kisomi juu yake, nikapiga kopi, nikapanga kurasa. Aliporudi nilimpa, naye akazipitia kwa kidole gumba kama mtu anayehesabu noti za benki.

"Kwani wewe unasoma pia?" akaniuliza. "Umeongea kama mtu wa sosholojia."

Hapa nilipaswa kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi.

"Mwaka wa nne," nikasema. "Parallel. Zile za jioni. Mchana niko hapa natafuta karo."

"Ndiyo maana sijawahi kukuona."

"Sisi wa jioni hata jua halituoni."

Alicheka sasa. Jina lake Nzula.

*

Miezi mitatu ikapita kama mtu anayekimbilia mahali. Nzula akawa anapitia dukani akitoka darasani. Mimi namtangulia kwa wiki moja, yeye ananiletea alichosema daktari kwa mdomo, ambacho hakikuwa kwenye noti. Tulikuwa tunakaa bustani ya Jeevanjee na mandazi mawili kwenye gazeti, wahubiri wakipiga kelele pande zote, sisi tukibishana kama mtu anampenda mtu au anapenda kungojewa. Nzula akibishana hufunga jicho moja, kana kwamba anakupima kwa bunduki. Nikawa nasema upuuzi makusudi ili alifunge.

Siku moja alitoa zile noti, zimechakaa pembeni, akafungua ukurasa mmoja bila kutafuta.

"Dr Kinyanjui anaandika kama mtu anayesoma hukumu," akasema. "Kurasa hamsini na mbili. Lakini huu mmoja, Haron, huu mmoja ulinifanya nilie ndani ya basi la Mwingi. Mzee mmoja akanipa leso."

Nilijua ni upi kabla sijaangalia.

"Sufuria inaonekana kubwa," akasoma polepole. "Ni nani anaweza kubuni maneno kama haya? Mtu lazima aliyasema. Nimebadilisha projekti yangu. Naenda Kangemi, nawatafuta wanawake walioachwa, nawauliza wanapika chai vikombe vingapi."

"Utawauliza hivyo tu? Mgeni, na kalamu?"

"Nitawasaidia kuosha vyombo kwanza."

Nilikuwa na mandazi mdomoni na sikuweza kuyameza. Ukweli ulikuwa pale kwenye ulimi, umekaa na sukari. Nikaumeza pamoja na mandazi.

Babake Nzula nilikutana naye mara moja, Westlands, bila kupanga. Tulikuwa tunatoka kununua kanda za kinasa sauti za mahojiano yake, tukamkuta Mzee Kimanzi nje ya duka la vioo, suti ya kijivu, kofia mkononi. Alinisalimia kwa mkono mkavu. Akatununulia soda, akakaa mbele yangu kama mtu aliye kazini.

"Kijana, wewe ni wa wapi?"

"Nyumbani ni Kinoo, mzee. Naishi na mama, Ngara."

"Mkikuyu."

"Ndiyo, mzee."

"Hilo nitalizoea." Akakunja karatasi ya mrija, akaiweka kando. "Mimi nimefanya kazi Upper Hill miaka ishirini na saba. Kazi yangu ni kuhakiki vyeti. Mtu akitaka kazi ya serikali, karatasi zake zinapita kwangu. Nimeona vyeti vya kweli na vya kughushi vya River Road. Nikikishika tu, najua." Akaniangalia. "Baba yangu hakusoma. Mimi nilisoma hadi Form Two. Huyu," akamwonyesha Nzula kwa kidevu, "hataolewa na mtu ambaye itabidi nimtafutie visingizio mbele ya wenzangu. Wewe unamaliza lini?"

"Pamoja naye, mzee. Mwaka huu."

"Mtavaa joho siku moja?"

"Siku moja."

Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza, na nikaona Nzula alikotoa tabasamu lake.

"Basi nitavaa suti moja kwa watu wawili," akasema.

Tukiwa tunarudi, Nzula alinishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kufanya. "Amekupenda," akasema. "Huwa hasemi utani na mtu." Mimi nikasema kitu cha kuchekesha, sikumbuki nini. Nilikuwa nahesabu miezi iliyobaki kabla ya siku ya majoho, nikijiuliza mtu huugua ugonjwa gani ambao humzuia kuhitimu lakini humwacha akifaa kuoa.

*

Jumanne ya wiki ya mwisho ya Mei, Nzula aliingia dukani bila hata ile salamu yake ya "Sasa." Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaweka bahasha ya kaki magotini.

"Nini?" nikamuuliza.

"Daktari ameniita."

"Ni vizuri, si unatetea projekti Ijumaa?"

"Sitatetea." Sauti yake ilikuwa tulivu sana, na utulivu huo ulinitisha kuliko kilio. "Amesoma sura ya pili. Nimeandika: Kinyanjui, noti za darasa, ukurasa wa kumi na saba. Mwanamke wa vikombe viwili. Ameniambia, 'Nzula, hayo maneno si yangu. Sijawahi kuyaandika. Ukurasa wangu wa kumi na saba ni takwimu za sensa.'"

Mashine ilikuwa inapiga kopi. Niliizima.

"Si ungemwonyesha noti zako?"

"Nilimwonyesha. Akauangalia huo ukurasa muda mrefu. Akasema umechapwa na mtu, si yeye. Akasema mtu anaweza kuchapa chochote. Akaniuliza kama ni mimi." Alikunja kona ya bahasha, akaikunjua. "Ati nimebuni ushahidi, nikampachika mwalimu wangu. Hiyo ni kesi ya nidhamu, Haron. Narudia mwaka, au nafukuzwa. Baba ameshawaambia watu wa kanisa. Amenunua tai."

Sifuna alikuwa akitoboa vitabu nyuma. Akaacha kutoboa.

"Amenipa mpaka kesho saa nne," Nzula akaendelea. "Nimeuliza darasani. Wote wana takwimu za sensa. Ni mimi peke yangu. Halafu nikakumbuka." Akainua macho, na kulikuwa na tumaini ndani yake ambalo sitalisahau. "Wewe. Si ulitoa zako hapa hapa, bahasha ile ile? Labda bahasha ilikuwa na kurasa mbili. Yako inasema nini?"

Hata muuza vitambaa wa chini alikuwa amezima redio, au ni masikio yangu yaliyoziba.

"Inasema kama yako," nikasema.

Alifunga macho. Akatoa pumzi ambayo nadhani alikuwa ameibana tangu asubuhi.

"Basi njoo nayo kesho. Tukiwa wawili hawezi kusema nimebuni. Utakuja?"

"Nitakuja."

"Apa."

"Nzula, si nimesema."

Akasimama, akaniachia ile bahasha. "Hii ndiyo projekti yote. Nipigie kopi mbili nikishinda. Nikishindwa, ichome tu." Mlangoni akageuka. "Asante kwa kuwa ulikuwa na yako."

Akaenda. Sifuna akanisogelea, sindano ya kutobolea bado mkononi.

"Haron. Wewe huna kopi yako."

"Nitakuwa nayo baada ya dakika tano. Faili bado iko kwenye kompyuta."

"Itakuwa nyeupe kama imechapwa jana."

Nilichapa ukurasa, nikachukua kikombe cha chai, nikadondosha matone matatu juu yake, nikaukunja mara nne, nikaukanyaga kidogo, nikaukunjua. Kazi nzuri, wallahi. Ungeapa ulikuwa umelala kwenye begi la mwanafunzi wa jioni tangu Februari.

"Hata chai?" Sifuna akasema. Hakucheka. Sifuna hucheka kila kitu, hata bei ya nyanya. "Na akikuuliza namba yako ya usajili?"

"Nitampa moja."

"Ya nani?"

Nilirudisha kikombe mahali pake. Akarudi kwenye vitabu vyake. Nikaivuta ile bahasha ya Nzula, nikaanza kusoma, kwa sababu ndivyo ninavyofanya nikikwama.

Aliwahoji wanawake kumi na mmoja, Kangemi. Aliosha vyombo, kweli. Wa tatu alisema huwa anapika kikombe kimoja lakini anakunywa kwa vituo viwili. Wa saba alikataa kujibu, akamwambia, "Mtoto wangu, hilo swali umelipata wapi? Nani alikuambia habari za kwangu?" Nzula ameandika chini yake: *alilia, nikazima kinasa sauti.* Hakuna mstari hata mmoja aliobuni. Kurasa themanini na nne za ukweli, zimesimama juu ya ukurasa mmoja ambao niliutengeneza ili nisitundikwe msumarini.

Mwanzoni kabisa, kwenye shukrani, baada ya Mungu na wazazi na nyanya wa Mwingi, kulikuwa na hii: *Kwa Haron Njuguna, mwanafunzi mwenzangu, ambaye ananitangulia kila mara kwa wiki moja.*

Nikaona kesho jinsi itakavyokuwa. Daktari ananiuliza namba. Nampa namba. Anafungua kitabu chake, mimi simo. Na Nzula amekaa kando yangu, amemleta shahidi wa bandia kuthibitisha ukurasa wa bandia. Hapo hawatamwuliza tena kama amebuni. Watajua.

Niliichana ile karatasi ya chai vipande vinne. Kisha nikafungua bahasha ninamohifadhi cheti changu cha Form Four, nikatoa kitu nilichokihamishia nyuma yake kutoka chini ya kaunta. Kimekunjamana, cheusi, lakini katikati bado unaona mistari ya takwimu za sensa, na chini, namba kumi na saba.

*

Saa mbili kasorobo asubuhi nilikuwa ghorofa ya tatu, nje ya ofisi ya Dr Kinyanjui. Sehemu ya mbele alikaa katibu wake, Madam Wangui, mama wa makamo na miwani kwenye kamba, akipiga chapa kwa vidole vyote kumi. Alinikagua kutoka viatu hadi nywele.

"Una miadi?"

"Sina, madam. Lakini nina kitu chake."

Daktari alifika saa mbili kamili, mwembamba, sweta chini ya koti. Akanipeleka ndani. Nikausukuma mlango nyuma yangu.

"Kaa."

Nilikaa. Nikaweka ukurasa ulioharibika mezani. Akauvuta kwa kidole kimoja, akausoma, akaniinulia macho.

"Wewe ni nani?"

"Naitwa Haron Njuguna. Nafanya kazi kule Ngara, kwa fotokopi. Mashine ilikula ukurasa wako mwezi wa pili, daktari. Niliogopa kusema. Nikachapa mwingine wa kwangu, nikampa Nzula. Yeye peke yake. Hajui. Hakubuni kitu."

"Wewe ni mwanafunzi?"

Hilo ndilo lililokuwa gumu kulitoa. Ajabu, mambo mengine yote yalitoka kwa urahisi.

"Hapana. Yeye anadhani ni mwanafunzi wa jioni. Nilimdanganya hilo pia. Na babake. Mimi nina C ya Form Four. Hayo mengine nilisoma kwenye mashine."

Daktari alivua miwani. Nilingoja anifukuze. Badala yake alitoa kwenye droo kopi ya ukurasa wangu, aliyoipiga kutoka noti za Nzula, akausoma wote mpaka chini, midomo ikisogea.

"Hii sehemu ya pili ni upuuzi," akasema. "Umetumia neno moja mara sita na hujui maana yake."

"Ndiyo, daktari."

"Lakini hii ya kwanza. Mtafiti huyo ni nani?"

"Hakuna mtafiti."

"Na mwanamke?"

Niliangalia dirishani. Kulikuwa na mtu anafagia majani ya mjakaranda chini, anayapanga rundo, upepo unayatawanya, anayapanga tena.

"Ni mama yangu," nikasema. "Baba alienda Mombasa nikiwa darasa la sita, hakurudi. Kila asubuhi anapika vikombe viwili. Mimi huwa nakunywa cha pili ili kisipoe. Siku moja nilimuuliza kama anamngoja, akanijibu hivyo, vile nilivyoandika. Sikubuni. Nilimpa mtafiti kwa sababu noti za chuo haziwezi kusema mama yangu."

Daktari akavaa miwani tena. Mlangoni nilisikia Madam Wangui akiacha kupiga chapa, kisha akaanza tena.

"Ninaweza kumwokoa huyu msichana," akasema hatimaye. "Utaandika taarifa, utaweka sahihi. Projekti yake inabaki. Lakini jina langu linatoka kwenye hiyo sentensi. Atataja chanzo cha kweli: kwamba alisimuliwa na mtoto wa mwanamke huyo, mfanyakazi wa fotokopi, Ngara. Unaelewa maana yake?"

"Itabidi ajue."

"Itabidi ajue kabla ya saa nne. Utamwambia wewe au nimwambie mimi?"

"Mimi, daktari. Nitamwambia mimi."

"Kila kitu?"

"Kila kitu."

Niliandika taarifa kwa mkono, mistari tisa, nikaweka sahihi. Daktari akanipa mkono. Mkono wa lekchara, mkono wangu wenye wino kwenye kucha. Nikatoka nikiwa mwepesi kama mtu aliyetua gunia, maneno yote nimeyapanga: Nzula, kaa chini, mimi si mwanafunzi.

Nzula alikuwa amekaa pale nje. Kwenye benchi, ubavuni mwa mlango, nguo yake ya kanisani, noti magotini na penseli mkononi. Saa mbili na nusu. Nilikuwa nimemtarajia saa nne.

"Umekuja mapema," akasema.

Aliniangalia. Macho yalikuwa mekundu kidogo, ya mtu ambaye hakulala, nikadhani. Alinisogezea nafasi kwenye benchi, na katika kile kitendo kidogo cha kunisogezea nafasi, ujasiri wangu wote ulimwagika. Nilimwona Mzee Kimanzi na tai yake mpya. Nilimwona Nzula akiondoka Jeevanjee bila kugeuka. Nikasema moyoni, saa moja na nusu bado ipo. Nimpe kwanza habari njema, apumue. Nyingine nitamwambia tukishuka ngazi.

"Imeisha," nikasema, nikakaa. "Nimeongea naye."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwonyesha kopi yangu." Mdomo ukaanza kutembea wenyewe, kama kawaida yake. "Nikamwambia, daktari, mimi ni mwanafunzi wako wa jioni, mwaka wa nne, na ukurasa ninao kama alivyo nao Nzula. Akaniuliza namba ya usajili, nikampa. Akafungua kitabu, akaniona. Akasema, kumbe! Tukaanza kujadiliana kidogo juu ya mbinu za utafiti..."

"Mkajadiliana."

"Kidogo. Alikubali makosa ni ya ofisi, bahasha zilichanganyika. Akasimama, akanipa mkono, akasema..."

Nzula alikuwa ameinamisha kichwa. Nikaona sasa anachoandika kwa penseli pembeni ya ukurasa wa kumi na saba. Alikuwa amekata jina la Kinyanjui, lile la kichwa cha ukurasa, kwa mstari mmoja ulionyooka. Juu yake ameandika *mama yake*, na baada ya hapo ameacha nafasi, kana kwamba anangoja jina.

Nilinyamaza katikati ya neno.

"Kijana," akasema Madam Wangui. Hakuinua macho kutoka kwenye karatasi yake, na vidole havikusimama. "Huo mlango haufungiki tangu mwaka wa 2003. Nimeandika barua tatu. Na huyu msichana alifika ulipokuwa ukiambiwa ukae."

Nzula alifunga jicho moja, akanipima.

"Endelea, Haron," akasema. "Ulikuwa umefika pale daktari alipokupa mkono."